Punje ya Mchele Mbele ya Gololi

Wanangu mnaoingia kazi ya kufundisha fizikia, nianze na gololi zenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea mapema. Usiende dukani ukasema "Nipe ishirini," ukalipa ukaondoka. Zimwage kaunta, uziinue moja moja kwenye mwanga. Yenye kiputo cha hewa ndani iache, iliyomeguka iache. Mwenye duka atakutazama, mtu mzima na mvi zako, adhani umerudia utoto. Mwache adhani. Ukifika shuleni zioshe kwa sabuni, maana mikono ya wanafunzi haikosi mafuta ya nywele. Kisha zipime kwenye mizani na uziweke mbili mbili, pacha na pacha wake. Mimi nilizihifadhi ndani ya soksi kuukuu za watoto wangu, kila soksi na jozi yake. Siku mkaguzi wa elimu alipofungua kabati akakuta soksi kumi na nne zinaning'inia, aliniuliza kama hapa ni maabara au ni kamba ya kuanikia nguo.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, mingi yake katika shule moja ya upili karibu na Garsen. Jina lake nalihifadhi. Mimi ni mtu wa Ndera, nimezaliwa ukingoni mwa mto Tana, na kwetu tumbili si hadithi. Maabara yetu ilikuwa na dirisha lililotazama miti ya mtoni, na kuna mwaka tumbili mmoja aliingiza mkono, akaokota gololi, akaiuma, akaona si tunda, akaitupa sakafuni kwa dharau. Ile gololi ilibaki na kovu, na tangu siku hiyo ikawa inakwenda upande. Wanafunzi waliipa jina langu, wakidhani sijui.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa profesa. Alikuwa Mzee Jilo, fundi wa maabara, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa ameishia darasa la saba. Nilipofika na cheti changu kipya nikiwa na haraka ya kufundisha, alinizuia mlangoni. "Umepima meza?" aliniuliza. Nikamwambia nimekuja kupima mwendo wa gololi, si meza. Akachukua chupa ya soda, akatia maji mpaka ikakaribia kujaa, akaifunga na kuilaza juu ya meza. Kiputo cha hewa kikakaa katikati. "Sasa fundisha," akasema. Kila mwanzo wa muhula alifanya hivyo, na mimi kila mwanzo wa muhula nilimcheka moyoni. Alipostaafu akarudi kwao, chupa ikatupwa, nami sikuulizia.

Jaribio nililolipenda kuliko yote ni lile la kuhifadhiwa kwa momenta. Kwa wasiokumbuka: momenta ni ule msukumo ambao kitu kinachokwenda hubeba, yaani tungamo lake ukizidisha na kasi yake. Kanuni inasema vitu viwili vikigongana, na pasiwe na nguvu ya nje inayoingilia, jumla ya momenta kabla ya mgongano ni sawasawa na jumla baada yake. Hakuna kinachopotea, hakuna kinachoongezeka. Mimi sikuhitaji vifaa vya bei. Nilichukua reli ya pazia ya urefu wa mita moja, nikailaza mezani, nikaikunja kidogo ncha moja ikapanda juu ya kitabu. Gololi ya kwanza unaiachia kutoka juu ya kitabu, inateremka, inaenda kuigonga pacha yake iliyotulia katikati ya reli. Unapima kwa stopwochi mwendo wa kabla na mwendo wa baada, unazidisha, unalinganisha. Nimeona watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima wakisahau kengele ya chakula kwa ajili ya jambo hilo.

Tatizo lilianza baada ya mafuriko. Maji yaliingia shuleni, yakakaa siku nyingi, yakatoka na kuacha matope meusi mpaka kwenye droo. Tuliporudi tukafagia, tukapaka chokaa, tukaendelea. Lakini ile gololi ya katikati sasa ilikataa kutulia. Ukiiweka tu, inaondoka yenyewe polepole kuelekea dirishani, haijaguswa na mtu. Nilihangaika dakika kumi mbele ya darasa. Kisha nikakumbuka mfukoni nilikuwa na mchele kidogo, sampuli ambayo mke wangu alinipa nimwonyeshe mnunuzi. Nikatoa punje moja, nikaiweka mbele ya gololi. Ikatulia. Darasa likapiga makofi, nami nikainama kidogo kuyapokea.

Tangu siku hiyo, mchele ukawa sehemu ya jaribio. Nilikuwa na kiberiti kitupu kilichojaa punje, nimekiandika "Momenta." Katika daftari za wanafunzi utaukuta kwenye orodha ya vifaa: reli, gololi mbili, stopwochi, rula, mchele. Nilikwenda kwenye mkutano wa walimu huko Hola nikawafundisha wenzangu mbinu hiyo ya bei nafuu, wakaiandika. Mpaka leo nikikumbuka kwamba kuna shule zenye meza nzuri zilizonyooka, na mwalimu anaweka mchele mbele ya gololi ambayo haikuwa na nia ya kwenda popote, nasikia joto masikioni.

Ndipo akaja Fatuma Barisa. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, Muorma, baba yake mfugaji wa nyika ile ya nyuma ya Garsen. Hakuwa mwongeaji. Mwisho wa kidato cha pili tulikuwa tukichagua watakaoendelea na fizikia, na kwa kuwa vifaa vilikuwa vichache, nafasi zilikuwa kumi na nne. Mtihani wa vitendo ndio uliokata shauri, na mwaka huo niliwapa momenta.

Karatasi kumi na nne zilitoka safi. Kabla ya mgongano sitini, baada ya mgongano sitini. Nilizipitia nikinywa chai. Kisha nikafika kwa Fatuma. Aliandika kwa Kiingereza, nami nawatafsiria: kabla ya mgongano, sitini, baada, arobaini na moja. Chini yake akaongeza jambo ambalo sikumtuma. Alikuwa ameondoa mchele, akaizuia gololi kwa ncha ya kalamu na kuiachia kabla tu haijagongwa. Safari hiyo baada ya mgongano akapata sabini na tatu. Halafu akaandika, "Sijui kwa nini."

Nilikasirika, wanangu. Niliona ni utundu. Mara momenta imepungua, mara imezaa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika, "Momenta haifi wala haizai. Usinichezee." Nikampa sufuri, jina lake likatoka kwenye orodha.

Siku ya tatu akaja na baba yake. Mzee Barisa aliacha fimbo yake nje ya mlango wa ofisi, akaingia, hakukaa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila kitenzi kikianza na "na" awe nani mtendaji, lakini hakikukosa ncha.

"Mwalimu, mimi nakuja kuona hii sufuri."

Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akanieleza kwamba kisimani kwao kuna pampu, na pampu hiyo kila kiangazi inakufa, na fundi anatoka mbali, na akifika ng'ombe wameshaanza kulala njiani. Fatuma alimwahidi atasoma mpaka aijue pampu. "Mimi nakubali yeye asome kwa sababu ya hiyo. Kama fizikia nakataa yeye, basi. Shangazi yake Hola nataka mtu wa kusaidia dukani. Leo mimi nachukua yeye."

Nilimtazama Fatuma. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na begi lake tayari limefungwa. Halikuwa begi la daftari, lilikuwa la nguo. Hata hivyo sikulegea. Nilijua mimi ndiye niliye sawa, na nikaona heri mzee ashuhudie mwenyewe, aondoke bila kinyongo. Nikawapeleka maabara.

Nikalaza reli, nikaweka kitabu, nikatoa pacha kwenye soksi. Mzee Barisa aliitazama soksi, akanitazama mimi. Nikafungua kiberiti, nikatoa punje, nikaiweka mbele ya gololi.

"Hii nini?"

"Ni mchele, mzee."

"Naona ni mchele. Nauliza nafanya nini hapa."

"Unazuia gololi isikimbie."

"Nakimbia kwenda wapi?"

"Huko, dirishani."

"Kila siku huko?"

"Kila siku."

"Haijawahi kwenda huku, mlangoni?"

Nilicheka. Nikamwambia haijawahi. Yeye hakucheka. Alichukua jagi la maji lililokuwa kando ya sinki, akamwaga kidogo juu ya meza, upande wa mlango. Maji yalitanda, yakasita, kisha yakajikusanya yakaanza kwenda. Hayakuwa na haraka. Yalipita chini ya reli, yakapita karatasi zangu, yakafika ukingo wa dirishani yakaanza kudondoka sakafuni, na sakafuni nako yakaendelea upande uleule mpaka ukutani.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yako nalala upande. Sisi kabla ya kulaza ng'ombe tunaangalia maji nakwenda wapi. Wewe naweka mchele."

Nikakaa kwenye stuli. Nawaambieni ukweli, nilishtuka mshtuko ambao sikuwahi kuupata darasani, na mimi nimeshawahi kukuta nyoka kwenye droo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisimama mbele ya watoto nikikariri, "pasiwe na nguvu ya nje inayoingilia," na nguvu ya nje nimeiweka mimi kwa vidole vyangu, nyeupe, imetoka jikoni kwangu. Gololi ikigongwa ilipaswa kuruka kile kizingiti, ndiyo maana ilipoteza mwendo. Kizingiti kikiondolewa, ilikuwa inateremka mlima, ndiyo maana ilizidi. Arobaini na moja ilikuwa kweli. Sabini na tatu ilikuwa kweli. Fatuma alikuwa amepima maabara yangu bila kujua, na mimi nikampa sufuri kwa kusema ukweli mara mbili.

Nilitafuta chupa ya soda, nikatia maji, nikailaza. Kiputo kikakimbilia upande wa mlango. Tulipotoka nje kutazama, ukuta wa dirishani ulikuwa umekaa chini, umezama kwenye ule udongo mweusi unaovimba na kunywea kila msimu. Ufa ulikuwepo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziba kwa saruji nikasahau. Mkuu wa shule alileta fundi mwashi, naye akasema ukuta hautaanguka leo wala kesho, lakini usiuegemee.

Nikamwomba Mzee Barisa aniachie binti yake siku mbili. Alifikiri, akasema siku mbili ni sawa, begi libaki limefungwa.

Usidhani mambo yaliishia hapo, maana mshtuko wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Nilirudi kwenye zile karatasi kumi na nne. Meza ni ileile, mchele ni uleule, na wote kumi na nne walipata sitini kwa sitini. Jambo hilo haliwezekani. Nilizitandaza zote nikazisoma tena. Hakuna hata mmoja aliyepima mpaka mwisho. Wote walipima nusu ya kwanza, nusu ya pili wakaitunga.

Asubuhi niliingia darasani nimewaka. Niliwaambia najua, na nikadai mwenye ujasiri asimame anieleze ni nani aliyewafundisha udanganyifu. Kisha akasimama Maro, kiranja wao, kijana mpole ambaye hajawahi kunijibu vibaya.

"Mwalimu, usikasirike," akasema. "Tukikuletea vile imetoka, unatuambia haijatoka vizuri, turudie. Tunarudia mara tatu, nne, kengele inalia. Mwenye analeta sawa kwa sawa ndiye anaenda kula. Hata ma-form four walituambia, kwa Mwalimu, momenta ni sawa kwa sawa, usijisumbue."

Nilimwambia akae. Nyinyi mtakaokuwa walimu, litazameni hili vizuri. Mimi sikumfundisha mtoto yeyote kudanganya. Nilifurahi tu alipodanganya, na nikakunja uso aliposema kweli. Wao walisoma uso wangu kuliko walivyosoma kitabu, na mtoto yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Niliwatangazia kwamba mtihani umefutwa. Mkuu wa shule alilalamika, orodha ilikuwa imeshabandikwa ubaoni, nikamwambia aibandue au nitaibandua mimi. Tulikata maboksi ya chaki, tukayakunja, tukayapachika chini ya reli upande wa dirisha, karatasi baada ya karatasi, mpaka nikaweka gololi katikati bila mchele. Ilikaa. Tukasubiri. Bado ilikaa. Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

Waliingia mmoja mmoja. Kwa Fatuma nilisimama nyuma kabisa, nimefunga mikono, ili uso wangu usiseme kitu. Kabla, sitini. Baada, hamsini na saba. Nawaambieni, ndani yangu yule mwalimu wa zamani alitaka kukohoa. Nikambana. Fatuma aliandika hamsini na saba kama ilivyotoka, akaeleza kwamba reli ina msuguano na kidole chake cha stopwochi kina uvivu. Nilimpa alama zake zote, wala hata moja haikuwa ya huruma. Wengine wanne bado waliandika sitini kwa sitini. Mazoea yana taabu.

Nilimwambia mkuu wa shule mwaka huu fizikia wataingia kumi na tano, na stuli ya kumi na tano nitaileta mimi kutoka nyumbani. Mzee Barisa alipokuja siku ya pili nilimpa mkono wangu na nikamwambia, mbele ya binti yake, kwamba nilikosea. Akaniuliza kama sasa wataanza pampu. Nikamwambia pampu iko kidato cha tatu. Akachukua fimbo yake, na begi la nguo likarudi bwenini.

Ningependa niwaachie hapo, na mimi ningetoka na heshima kidogo. Lakini jioni hiyo, Fatuma alipokuwa akinisaidia kurudisha gololi kwenye soksi, aliuliza swali bila kuniangalia.

"Mwalimu, kabla yangu, waliopata kama mimi uliwapa ngapi?"

Nikamwambia aende akale.

Karatasi za mitihani ya vitendo huwa tunaziweka kabatini kwa ajili ya wakaguzi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilizishusha zote tangu mwaka wa yale mafuriko, nikakaa nazo sakafuni kutwa nzima. Nilipata tisa. Tisa walioandika kwamba momenta imepungua, na wote tisa nyekundu yangu imewapitia. Wanane sikujua walipo. Wa tisa nilikuwa nikimpita kila wiki.

Dhadho ni mtu wa Kilelengwani, na ana kibanda pale Garsen anatengeneza redio na simu. Kila nikipita hunyanyuka na kunisalimu, "Mwalimu wangu." Simu yangu ameitengeneza mara tatu, na mara zote nilijiuliza kijana mwenye mikono hii kwa nini aliacha fizikia. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani jibu ninalo.

Nilimkuta ameinamia redio. Nikamwambia kila kitu, meza, ukuta, mchele. Hakunikatiza. Aliweka chini chuma chake cha kulehemu, akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Mimi nilitoka fizikia nikijua sina kichwa," akasema. Kisha akauliza, "Ilikuwa ngapi?"

"Sufuri," nikasema.

"Si alama, Mwalimu. Gololi. Ilitoka ngapi?"

Nilitoa karatasi mfukoni nikampa. Kabla, hamsini na nane. Baada, arobaini. Aliisoma polepole, hati yake mwenyewe ya utotoni, akafuata tarakimu kwa kidole. Mama yake huuza mahamri kibanda cha pili, na Dhadho akamwita bila kuinua kichwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie yeye. Siku ile yeye ndiye alilia."

Mama Dhadho alikuja akijifuta unga kwenye leso, uso umechangamka, akidhani nimekuja kuwasalimu. Mimi niliyeongea mbele ya watu miaka thelathini sikujua nianzie wapi, kwa mchele au kwa ukuta. Nikamwambia tu, "Mama Dhadho, mwanao alikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Alinitazama. Akamtazama mwanawe, na ile karatasi mkononi mwake. Kisha akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile," nikasema.